Siku ya Mwisho Haina Kalenda

Yako mambo yaingiayo nyumbani kwa mtu bila ya kubisha hodi. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia hivyo katika nyumba nyingi za mwambao wa Burundi. Yalikuwa yameanza kupanda taratibu kiasi cha miaka mitatu kabla, na mwaka huo yakazidi: Gatumba watu wakatoka majumbani mwao wakibeba magodoro kichwani, Bujumbura barabara za ufukweni zikafunikwa, na upande wa Rumonge nyumba na mashamba yakaharibika. Huko Kabonga, kijiji cha kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania, wavuvi walivuta mitumbwi yao mpaka mahali ambapo zamani walikuwa wakianikia ndagala. Wazee wakatazama wakanyamaza. Vijana wakauliza maji haya yatafika wapi, na hapakuwa na mtu wa kuwajibu.

Mhubiri aliyefika kijijini wakati huo alikuwa na jibu. Hakuwa mtu wa kuchekwa, maana aliyajua Maandiko vizuri na sauti yake ilikuwa ya upole. Katika ua wa nyumba moja iliyo juu ya barabara aliwakusanya watu jioni na kuwahesabia dalili: maji yanayopanda, tauni ya korona iliyofunga mipaka na makanisa duniani kote, vita upande wa pili wa ziwa, na tetemeko la Desemba 2005 ambalo kila mtu mzima wa mwambao alilikumbuka. Kisha akafanya hesabu yake kutoka katika kitabu cha Danieli, na hesabu ikaangukia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Agosti. Alisema mwenye shamba na aliuze, mwenye akiba na ailete kwa kazi ya Bwana, na mwenye watoto asijisumbue tena na ada za shule.

Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mama mmoja kijana, mke wa askari. Mumewe alikuwa Somalia, katika majeshi ya Umoja wa Afrika ambayo Burundi ilianza kuyapelekea wanajeshi wake mwaka 2007. Posho ya miezi kadhaa ilikuwa imefika kwa mkupuo, nayo ilikuwa mikononi mwake. Baba mkwe wake, ambaye hapana haja ya kumtaja jina kwa kuwa jirani zake wanamjua na wengine haiwahusu, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa michikichi. Habari za mhubiri alizipata kwa mkewe, na habari ya pili aliyoambiwa ilikuwa kwamba mjukuu wake wa kwanza hajaenda shule kwa wiki mbili.

Adabu ya kwao haimruhusu mzee kuingia nyumbani kwa mkaza mwanawe wakati mwenye nyumba yuko safarini, wala kumkaripia. Neno la baba mkwe hupitia kwa mama mkwe. Basi alimtuma mkewe na neno moja tu: mtoto arudi shule, na fedha za baba yake zisiguswe mpaka mwenyewe aulizwe. Jibu lilirudi jioni ile ile, la heshima lakini la kukata: “Mwambie baba kwamba fedha za dunia hii karibu zitakuwa karatasi.”

Usiku ule mzee hakulala. Wengine wangedhani kilichomnyima usingizi ni zile fedha, au shamba, maana shamba nalo lilikuwa limetajwa. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Alikuwa amesoma zaidi ya mara moja katika waraka wa Mtume Petro kwamba siku za mwisho watakuja wenye dhihaka, watu wa kuuliza ahadi ya kuja kwake iko wapi. Akajiuliza: Je, si mimi huyo? Mkristo amwaminiye Kristo kwamba atarudi, naye kila anapoambiwa anarudi lini hutikisa kichwa, ana tofauti gani na yule asiyeamini chochote? Swali hili si jepesi, na ni afadhali kusema wazi kwamba wengi wenye mashaka kama yake hawajiulizi kamwe. Wao hucheka wakaenda zao.

Alfajiri alishuka ziwani. Wavuvi walikuwa wakirudi, taa zao zimezimwa, na mmoja wao, Mwislamu, rafiki yake wa miaka mingi, akamtania kwamba leo mzee wa kanisa amekuja kuhesabu samaki. Alipoambiwa habari ya ile Jumapili ya Agosti, mvuvi yule aliendelea kukung’uta wavu wake. Akasema kwamba kwao pia elimu ya Kiyama iko kwa Mungu peke yake, na mtu aliyedai kwamba ameipata basi ameipata kwa kuiba. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku mbili.

Palikuwapo hapo ufukweni mwembe wa kale ambao sasa mizizi yake ilikuwa imeguswa na maji. Mzee aliujua mwembe huo tangu utoto. Mwaka 1964, akiwa mtoto wa miaka sita hivi, baba yake alimshika mkono akamleta mahali pale pale na kumwonyesha maji yalipofika: shinani mwa mwembe, tena juu kidogo kuliko mwaka 2021. Mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilikuwa zimelijaza ziwa. Wakati ule nao walikuwapo watu waliosema ni mwisho. Kisha maji yakashuka, watu wakalima tena penye tope, na waliosema wakawa wamesahau kwamba walisema.

Na kabla ya hapo liko jambo kubwa zaidi, ambalo vitabu vya wasafiri vimelihifadhi. Stanley alipofika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1871, alimkuta Livingstone, na wawili hao wakasafiri kwa mtumbwi kando ya mwambao huu huu wa Burundi hadi kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Aliporudi mwaka 1876 aliona kwamba maji yamepanda na kumeza ardhi aliyokuwa ameikanyaga miaka mitano kabla. Sababu ilikuwa upande wa magharibi. Ziwa hili lenye kina cha mita 1,470 na urefu wa zaidi ya kilometa 650 lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga uendao Kongo; mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwaka 1878 au karibu na hapo kizuizi kikavunjika, Lukuga ikafunguka kwa kishindo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Mji uliokuwa ufukweni ukajikuta mbali na maji. Sehemu kubwa ya maji yaliyobaki, hata leo, hayatoki kwa mto bali huondoka kwa mvuke wa jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda, na zikipungua hushuka. Mzee alikuwa amesomewa habari hizo na mwalimu mmoja katika kambi ya Ulyankulu.

Hapo yafaa kusimama kidogo, kwa sababu Ulyankulu ndiyo ufunguo wa mambo yake yote. Mwezi Aprili mwaka 1972 machafuko yalizuka katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yakaenea katika nchi nzima. Mzee alikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Alivuka mpaka pamoja na mama yake. Baba yake hakuvuka. Hakuna mhubiri aliyekuwa ametangaza tarehe ya mwezi ule. Hapakuwa na hesabu ya Danieli, wala mkutano wa jioni uani. Kwa maelfu ya watu wa mwambao ule dunia ilikwisha asubuhi ya kawaida, watu wakiwa wanakamua mawese. Tangu siku hiyo mtu akimwambia kwamba mwisho wa dunia utakuja na tangazo, mzee huona kwamba msemaji hajawahi kuuona mwisho wowote.

Kutoka Kigoma walipelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, na huko alikaa miaka thelathini na sita. Huko alibatizwa, huko alioa, huko alijifunza Kiswahili hiki anachokisoma. Na huko, mwezi Machi mwaka 2000, alisikia redioni habari za Kanungu.

Kanungu iko kusini magharibi mwa Uganda. Joseph Kibwetere na mwanamke aitwaye Credonia Mwerinde walikuwa wameanzisha kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, wakiwa pamoja na padri aliyekuwa ameondolewa katika kazi yake. Wafuasi waliishi kimya, wengine bila kusemezana ila kwa ishara. Waliuza mashamba na mifugo yao, fedha wakawakabidhi viongozi, kwa kuwa dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Tarehe ikapita. Jua la Januari likachomoza juu ya migomba kama kawaida, na baadhi ya watu wakaanza kuuliza habari za mali yao. Ndipo ikatolewa tarehe nyingine. Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000, jengo lao la ibada liliteketea kwa moto, madirisha na milango yake imepigiliwa misumari, na mamia ya watu ndani, watoto wakiwamo. Kwanza ilidhaniwa wamejiua. Baadaye polisi walifukua makaburi katika nyumba nyingine za kundi hilo na kukuta mamia mengine ya maiti, na neno kujiua likakosa mahali pa kukaa. Kibwetere na Mwerinde hawajapata kufikishwa mahakamani.

Jambo moja la Kanungu halikumtoka mzee moyoni. Wale watu hawakuangamia kabla ya tarehe ya kwanza. Waliangamia baada yake, walipoanza kuuliza. Tarehe ilipowadanganya, aliyeitoa hakuweza tena kurudi nyuma, kwa sababu alikuwa amekwisha kula mashamba ya watu.

Bila shaka si kila aliyewahi kupanga tarehe alikuwa mwovu. Mkulima wa Marekani aitwaye William Miller, mtu mwaminifu, alisoma kitabu kile kile cha Danieli, na wafuasi wake wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi yao waliacha viazi ardhini bila kuvichimba, maana ni nani angevila? Walilia usiku kucha ilipokucha bila Bwana kuja. Katika huzuni hiyo ndimo lilimochipuka Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo leo lina waumini wengi Burundi. Nalo, baada ya kuungua mara moja, linakataa kupanga tarehe. Hata nyakati za Mtume Paulo walikuwapo Wathesalonike walioacha kazi kwa kudhani siku imefika, na Paulo hakubishana nao juu ya hesabu. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe, na kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Ni jibu la mtu aliyewahi kushona mahema.

Kwa hiyo mzee alipata jibu la swali lake la usiku, ijapokuwa halikumjia mara moja. Mwenye dhihaka anasema siku hiyo haipo. Yeye anasema ipo, ila Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba hakuna aijuaye, si malaika, wala hata Mwana. Akimkatalia mhubiri analishika neno hilo.

Lakini jibu la kumfaa mtu usiku si lazima limfae mkaza mwanawe mchana. Mwishoni mwa Juni mkewe alimwita mama yule shambani kwa kisingizio cha kuokota ngazi za chikichi, na mzee akawa yuko huko huko, mbali kiasi cha adabu, akinoa panga lake. Alizungumza naye kutoka hapo, bila kumtazama usoni. Alimweleza habari za mwembe, za Lukuga, za Kanungu. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Baba, mimi sizihesabu siku za mhubiri kwa kuwa nimeiamini hesabu yake. Nazihesabu kwa sababu za kwangu hazina mwisho. Simu ikilia usiku naogopa kuipokea. Isipolia, naogopa zaidi. Huyu angalau amenipa siku.”

Wake wa askari watakaoyasoma haya hawahitaji kuelezwa maneno hayo. Mzee hakuwa na la kujibu, na kwa heshima yake hakujibu. Alinoa panga kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Alipoanza tena kusema hakumtaja mhubiri. Alimwambia habari ya mama yake mwenyewe, ambaye mkaza mwana hakuwahi kumwona. Walipofika Ulyankulu kila familia ilipewa kipande cha pori, na jirani zao wakapanda miembe. Mama yake alikataa. Alisema mwakani tutarudi nyumbani, mwembe wa kazi gani? Mwaka wa pili akasema hivyo hivyo, na wa tano, na wa kumi. Alikuwa na tarehe yake, nayo ilisogea kila mwaka. Watoto wake walikula maembe ya jirani kwa kuomba. Alizikwa Ulyankulu, na juu ya kaburi lake hapakuwa na kivuli mpaka mwanawe alipopanda mti. Mzee alirudi Burundi mwaka 2008, wakati wakimbizi wa 1972 walipoanza kurejeshwa. Akakuta shamba la baba yake lina watu wengine waliowekwa humo, nao wamezaa na kuzika humo, na baada ya mashauri marefu mbele ya tume ya ardhi wakagawana nusu kwa nusu. Nusu hiyo ndiyo mama yule aliyokuwa amesimama juu yake.

“Hili lilichukuliwa mara moja kwa nguvu,” alisema. “Siwezi kulitoa mara ya pili kwa hofu. Lakini fedha ni za mume wako, na mtoto ni wa kwenu. Mpigie simu umuulize.”

Hapo mama yule alilia, na mama mkwe wake akamkaribia. Mzee aliondoka akaenda kukata ngazi za upande wa pili.

Simu ilipigwa, ingawa ilichukua siku nne kumpata. Yaliyosemwa kati ya mume na mke hayajulikani, na hayatuhusu. Mtoto alirudi shule. Kiasi fulani cha posho kilikuwa kimekwisha kumfikia mhubiri, na hakikurudi. Jumapili ya mwisho ya Agosti ilifika yenye jua na upepo kidogo. Mzee hakwenda uani kuwasuta waliokesha. Alikwenda kanisani kama Jumapili nyingine, na walipoulizwa wenye shukrani alisimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya mvua zijazo, jambo ambalo baadhi ya watu waliona ni kejeli ingawa yeye hakulikusudia hivyo. Mhubiri alisema hesabu ilikuwa sahihi, ila watu hawakutoa kwa moyo mmoja. Akataja mwezi mwingine. Familia tatu zilimfuata alipohama, na mojawapo ilikuwa imekwisha uza mtumbwi.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2023, habari zilitoka Kenya. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, walioshawishiwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla dunia haijakwisha. Maiti zaidi ya 400 zilitolewa ardhini, zikiwamo za watoto wengi. Mackenzie alikana mashitaka. Mkaza mwana ndiye aliyemletea baba mkwe wake habari hiyo, safari hii mwenyewe, akasimama nje ya uzio. Alisema kwamba katika habari hiyo kuna jambo moja limemkaa kooni: miaka mingi kabla ya msitu, yule mtu alikuwa akihubiri dhidi ya shule. Kwanza shule. Hakusema zaidi.

Maji yalishuka kidogo baada ya 2021, kisha yakapanda tena mwaka 2024 na kuwafukuza watu wa Gatumba kwa mara nyingine. Mzee hakulidharau jambo hilo hata kidogo. Asiyeamini tarehe za wahubiri si lazima awe kipofu wa mambo yaliyo mbele ya macho yake. Mwanawe alikuwa amekwisha rudi kutoka Somalia akiwa na viungo vyake vyote, na wote watatu, pamoja na mjukuu aliyeshika ncha ya kamba, walitoka siku moja kupanda michikichi mipya. Michikichi hupandwa kwa umbali wa mita tisa, na huzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mwana alitaka waanze chini, penye udongo mweusi. Mzee akamwonyesha shina la mwembe, akapiga hatua thelathini kwenda juu, akachomeka kijiti.

“Anzieni hapa,” alisema. “Maji hayakuwahi kufika.”

Mkaza mwana aliuliza kama mwakani yatafika. Mzee alisema hajui, na akamwomba apitishe mche wa kwanza.